Ngamiani au kijijini Muheza? Pima haya kabla hujahama

Mkoa wa Tanga unampa mtu nafasi ambayo mikoa mingi haina. Ukipanda Coaster asubuhi pale stendi ya Kange jijini Tanga, ndani ya saa moja hivi uko Muheza, na ukishika njia ya Amani unaanza kupanda Usambara Mashariki, kwenye iliki na mdalasini na baridi ya kuvalia sweta. Jiji na shamba vimekaribiana, ndiyo maana watu wengi wa hapa wana mguu mmoja huku na mwingine kule: chumba Ngamiani jijini, Barabara ya Kumi na Mbili, na ekari mbili za michungwa alizoacha babu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,615,597 mkoa mzima, na jijini karibu laki nne tu. Waliobaki wako wilayani, na wengi wao ni wa vijijini.

Wanaojiuliza wahamie wapi ni wa aina mbili hasa. Yuko anayekaribia kustaafu, anayepigia hesabu kiinua mgongo chake kila jioni, na yuko kijana aliyemaliza shule kijijini ambaye haoni la kumbakiza. Nyumba nyingi nilizozishuhudia, uamuzi hutolewa na mtu mmoja, mara nyingi baba, halafu wanaobeba matokeo ni wengine. Kwa hiyo hapa nimepima kila jambo kwa siku ya yule ambaye hakuulizwa: mke atakayetafuta maji, mtoto atakayetembea kwenda sekondari, mama mzee mwenye presha. Ukipima hivyo, mambo kadhaa tuliyozoea kuyasifia yanageuka.

Upande mmoja nimeweka jiji la Tanga, hasa mitaa ya kawaida kama Ngamiani, Makorora na Mikanjuni. Upande wa pili ni vijiji vya Muheza, vya tambarare na vya mlimani. Pangani na Mkinga zina habari yake, kwa sababu huko bahari inabadilisha kila hesabu.

Pa kulala

Ngamiani barabara zake zina namba, na nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani choo na bafu na mahali pa kupikia. Ukipanga chumba utatakiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka, kwa mkupuo mmoja, na dalali naye anataka kodi ya mwezi. Hayo watu wameshayazoea. Kinachowachosha wapangaji ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita ni moja, imetundikwa koridoni, familia ni tano. Mmoja ana friji na anauza barafu. Mwingine ana pasi na runinga kubwa. Wa tatu ana taa mbili na chaji ya simu, basi. Wakichanga sawa, wa tatu anaonewa; wasipochanga sawa, ni kikao kila wiki. Umeme ukiisha saa mbili usiku kila mmoja anajifungia chumbani akimsubiri mwenzake atoke, na atakayetoka mara nyingi ni mama mwenye mtoto mchanga, kwa sababu yeye hawezi kusubiri. Ukitafuta chumba, tafuta nyumba ambayo kila mpangaji ana mita yake ndogo, hata kama kodi imezidi kidogo. Jambo jingine: tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeitanguliza. Kubalianeni na mwenye nyumba mapema itarudishwaje, na iandikwe kwenye mkataba.

Kijijini unalala kwenye nyumba yako. Ya udongo na miti ikikandikwa vizuri na kuezekwa bati inakaa miaka mingi, na mchana wa Januari ina nafuu kuliko chumba cha Ngamiani chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Tatizo linaanza pale mstaafu anapotaka kujenga kijijini nyumba ya mjini. Saruji inatengenezwa Pongwe, hapo hapo karibu, lakini mfuko ukifika kijiji cha mlimani umeshalipiwa lori, umelipiwa bodaboda, na pengine umebebwa kichwani kipande cha mwisho. Nondo vivyo hivyo. Nimeona nyumba kadhaa nzuri zilizoishia kwenye linta kwa sababu mwenyewe alipiga hesabu kwa bei ya dukani mjini.

Kwenye umeme kijiji kinashinda kwa bei. Kuunganishiwa vijijini ni shilingi 27,000, wakati mjini ada iliyowekwa 2022 kwa aliye karibu na nguzo ni 320,960. Ila kusema umeme umefika kijijini si kusema umefika kitongojini kwako. Swali la kumuuliza mwenyeji ni moja: nguzo ya mwisho iko wapi? Kisha nenda ukaione.

Ardhi, na majina yanayoandikwa juu yake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza kiinua mgongo chote kwa siku moja.

Mjini mambo yanaeleweka. Kiwanja kimepimwa au hakijapimwa. Kina hati ya miaka 33, 66 au 99, au hakina. Bei ni kubwa, lakini ukienda ofisi ya ardhi ya jiji unaweza kujua unanunua kwa nani. Tahadhari ni upande wa Chongoleani na vijiji vinavyopakana nako. Tangu ijulikane kwamba bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo, madalali wameota kama uyoga, na kila kichaka kina wenyewe wanne. Mtu wa kipato cha kawaida anayetaka pa kuishi tu, sioni sababu ya yeye kuingia kwenye mbio zile.

Muheza bei ni ya chini na ndipo mitego ilipo. Wa kwanza ni mkonge. Zao hili liliingia mwaka 1893, lilipoletwa na Richard Hindorf, na kwa miongo mingi mashamba makubwa ya mkonge yalitawala tambarare za Muheza na Korogwe. Mengine yalitelekezwa, watu wakaingia wakalima, wakazaa, wakazika. Kiwanja kinaweza kuwa na minazi iliyokomaa na makaburi ya wazee, lakini kwenye makaratasi kikawa bado ndani ya mpaka wa shamba la mtu. Wa pili ni msitu. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa 1997, na mipaka yake na ya misitu mingine inapita jirani kabisa na mashamba ya iliki. Mwenyeji anajua kigingi kiko wapi. Mgeni anaonyeshwa bonde zuri akaambiwa ni pori la ukoo. Wa tatu ni mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na Muheza mito ni mingi. Eneo linalovutia zaidi, lile lenye maji chini yake, ndilo unaloweza kukatazwa kulilima.

Mgeni akitaka ardhi ya kijiji anapita kwa halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kabla ya kugawa. Mhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi, hata akiwa mjomba wako. Omba muhtasari wa kikao. Omba majirani wa pande zote nne waje shambani wasimame kwenye mipaka siku hiyo hiyo. Kisha fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila.

Hati hiyo inaweza kuandikwa majina mawili, ya mume na ya mke. Nasisitiza hili kwa moyo wangu wote. Kwenye ardhi ya ukoo nimeona mjane aliyelima miaka ishirini akiambiwa na shemeji zake, arobaini ikiwa haijafika, kwamba michungwa ni ya kaka yao. Kama unamhamisha mke kutoka mjini, ambako pengine alikuwa na genge lake na hela yake, ukampeleka kwenye ardhi isiyo na jina lake, umemwondolea kinga aliyokuwa nayo. Ukishindwa kuandika majina mawili, kaeni mjini.

Maji

Jiji la Tanga lina bahati ya maji, na bahati hiyo inatoka milimani. Mto Zigi unaanzia kwenye misitu ya Amani, unashuka hadi bwawa la Mabayani, na hapo mamlaka ya maji ya jiji inayachukua, kuyatibu na kuyasambaza. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hatifungani ya kijani ya zaidi ya shilingi bilioni 53 ili kupanua mtandao wake. Wanaoishi Dar es Salaam wakija kwa ndugu zao Tanga hushangaa bomba likifunguliwa asubuhi na maji yakatoka. Kwa mwanamke wa jijini hii ni saa kadhaa za siku alizorudishiwa, na saa hizo ndizo anazokaangia bajia za kuuza.

Kijijini hali ni ya kitongoji kwa kitongoji. Penye mradi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza 2019, kuna kioski na kuna chombo cha watumiaji maji kinachokusanya hela ya ndoo. Kamati ikiwa na mtu makini wa fedha, pampu ikiharibika inatengenezwa wiki hiyo. Ikiwa haina, mnarudi mtoni. Mlimani kuna chemchemi, maji ni matamu, lakini ni ya kushuka nayo ndoo tupu na kupanda nayo ndoo imejaa.

Usimuulize mwenyekiti habari ya maji. Nenda kisimani. Kijiji kimoja cha tambarare nilimkuta mama anajaza madumu yake, baiskeli imeegeshwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Maji hapa mnapata kila siku?”

“Sasa hivi mvua zipo, hatuna neno. Wewe njoo Februari, ndio uulize.”

Mwenyeji wangu alikuwa ameniambia maji si shida kabisa. Yeye hachoti.

Hela

Kijana wa kijijini anaamini mjini kuna kazi. Zipo, na zimeongezeka. Zamani meli kubwa zilikuwa zinatia nanga mbali na bandari ya Tanga, mzigo unashushwa kwenye matishari ndipo uletwe nchi kavu; gati lilikuwa na kina cha kama mita tatu. Baada ya uchimbaji kina kimefika mita 13 na meli inafunga gatini. Maana yake malori, maghala, mama lishe, mafundi matairi. Viwanda vya saruji na chokaa vipo. Lakini kazi anayoipata mtu asiye na cheti wala ndugu ni ya kibarua: meli ikiwepo, ipo, isipokuwepo, unakaa kijiweni. Anayeendesha bajaji ya mtu anaanza siku na deni la hesabu ya tajiri, na hesabu haijui mvua wala msiba. Wanaosimama vizuri jijini, kwa ninavyowaona, ni wale wenye ufundi wa mkononi: fundi umeme, fundi bomba, fundi cherehani, mpishi. Kijana akija bila ufundi, aje kwanza kujifunza ufundi, akiwa na mtu wa kumlaza.

Hela ya kijijini inaitwa machungwa. Muheza ndiyo shina lake, na uzuri wa shamba la machungwa likiiva hausimuliki. Tatizo ni namna linavyouzwa. Mnunuzi anakuja machungwa yakiwa bado mabichi, anatembea katikati ya miti, anakisia kwa macho, anataja bei ya shamba zima. Anajua kwamba mwenye shamba ana mtoto anayetakiwa kuripoti shule ya bweni, au ana msiba, au amekopa. Wanakubaliana. Miezi michache baadaye vijana wanaingia na matenga, lori linapakia, lingine linaelekea Dar, lingine Horohoro kuvuka Kenya, na mwenye shamba anahesabu miti yake mwenyewe kama mpita njia. Asiyeuza mapema anakutana na msimu wenyewe, ambapo kila mtu ana machungwa na bei imelala. Chungwa halina subira ya kuwekwa ghalani hadi bei ipande. Kwa hiyo mstaafu anayenunua shamba la michungwa akidhani litamlipa mshahara kila mwezi, ajue litamlipa kwa msimu, na bei atapangiwa. Awe na akiba ya kumfikisha kwenye msimu bila kuuza mapema. Faida yote ya machungwa imo kwenye akiba hiyo.

Maziwa ni habari nyingine, na mimi ningekuwa na mtaji mdogo ningeanza nayo. Ng'ombe mmoja au wawili wa kufungia bandani wanakamuliwa kila siku, maziwa yanakwenda kituo cha kukusanyia cha ushirika, malipo yanakuja kwa utaratibu. Kiwanda cha Tanga Fresh kilichopo jijini kinategemea wafugaji wadogo wa namna hii wa mkoa mzima. Lakini rudi kwenye kipimo chetu: nani anakata mabingobingo? Ng'ombe wa kufungia anataka mizigo ya majani na ndoo za maji kila siku, Idi na Krismasi. Nyumba nyingi baba ndiye mwenye ng'ombe na mama na watoto ndio wenye panga na kamba. Mkikubaliana mapema kwamba anayekata majani naye anapokea hela ya maziwa, biashara inakaa. Nimeona ng'ombe wazuri wakiuzwa kwa sababu mama alichoka, na hakuna aliyemuuliza amechoka nini.

Mlimani kuna viungo: iliki, pilipili manga, karafuu, mdalasini. Ni mazao mepesi kubeba na yanakauka, kwa hiyo unaweza kuyashikilia hadi bei ikae sawa, jambo lisilowezekana kwa machungwa. Yanataka miaka ya kusubiri. Kwa mtu wa miaka sitini nasema wazi: nunua shamba lenye miti inayozaa, usianze na miche.

Na chakula? Watu husema kijijini huli kwa hela. Nusu yake ni kweli. Ndizi, muhogo, maharage, mboga, nazi, matunda, vyote viko nyuma ya nyumba. Mchele, sukari, mafuta, sabuni na samaki vinanunuliwa, na dukani kijijini ni ghali kuliko sokoni Mgandini. Mtu wa Tanga aliyezoea samaki wa asubuhi kutoka mwalo wa Deep Sea ataumia zaidi hapo. Kijijini ni dagaa wakavu, na samaki wa kukaanga aliyefika kwa baiskeli jana.

Siku mtu akiugua

Hapa jiji linashinda, na ningependa kila anayehama na mzazi asome sehemu hii mara mbili. Jijini kuna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na usiku wa manane unapata bajaji ya kukufikisha. Muheza mjini kuna Hospitali Teule, nayo imehudumia watu kwa miaka mingi. Kijijini kuna zahanati, na kwa homa, chanjo na kliniki ya mama na mtoto zahanati inatosha kabisa. Shida ni yale yasiyosubiri: uzazi uliokwama, mtoto anayepumua kwa shida, presha iliyopanda ghafla. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara nyingi za mlimani zinateleza, bodaboda anakataa au anataja bei ya kumfukuza mtu. Mjamzito wa mlimani hana budi kushuka mapema akae kwa ndugu Muheza au Tanga wiki za mwisho. Je, mna huyo ndugu? Kama hamna, hilo ni jibu tayari.

Malaria nayo ina ramani yake. Tambarare za Muheza zimekuwa na malaria nyingi tangu zamani, na taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu ina kituo chake hapo. Ukipanda Amani, penye mwinuko wa karibu mita elfu moja, mbu wanapungua. Mjini wapo, lakini si kama kijiji cha bondeni. Mtoto aliyezaliwa na kukulia mjini akihamia tambarare huugua sana mwanzoni. Vyandarua viwe vya kwanza kwenye mzigo, kabla ya makochi.

Shule

Ada shule za serikali za kutwa si hoja tena: tangu 2016 elimu hadi kidato cha nne haina ada, na 2022 ikaongezwa hadi cha sita. Inayobaki ni michango, sare na umbali. Jijini sekondari iko mtaa wa pili. Kijijini shule ya kata inaweza kuwa vijiji viwili mbele, na mtoto wa kike anatoka nyumbani giza halijafifia. Njiani kuna lifti za bodaboda, na lifti hizo si za bure. Kila mzazi wa Muheza anajua ninachosema. Mjini wavulana wanapotelea kwenye vibanda vya kubeti. Ikiwa una binti wa darasa la sita au la saba, na kijiji hakina sekondari ya karibu wala hosteli inayoaminika, subiri amalize kidato cha nne ndipo uhame. Miaka hiyo si mingi.

Watu

Kijijini ukifiwa hupiki wiki nzima, jeneza linachongwa, kaburi linachimbwa, hakuna aliyekuuliza una shilingi ngapi. Ngamiani nako msiba una watu, tusiwaonee. Majirani wa uani wanajuana kuliko ndugu. Tofauti ninayoiona ni kwa mgeni. Mstaafu anayerudi kwao Bondei, nchi ya Wabondei huku Muheza, ana babu zake wamezikwa pale, ana utani, ana lugha. Mke wake wa kutoka Singida hana. Ataitwa mke wa fulani mpaka azeeke, na siku mume akiwa safarini hana mlango wa kubisha. Mumpe muda, mumpe kikundi cha vikoba, na kabla ya yote mama mkwe amkubali, la sivyo hata nyumba iwe ya vigae haitamfaa.

Na mstaafu mwenyewe ajiandae kwa wakopaji. Kijiji kizima kinajua siku kiinua mgongo kilipoingia.

Pongwe na Muheza mjini

Watu hulinganisha Ngamiani na kijijini kana kwamba katikati hakuna kitu. Kuna Pongwe, ambayo iko ndani ya jiji lakini bado unaweza kupata kiwanja cha kuweka banda la kuku na mgomba. Vumbi la viwanda lipo, daladala zipo, na mtoto anasoma mjini. Naweza kusema ni mahali pazuri kwa mwenye kazi jijini anayetaka kupumua.

Na kuna Muheza mjini, ambayo naipa kura yangu kwa familia nyingi zenye shamba. Hospitali iko hapo, soko liko hapo, sekondari ziko hapo, barabara kuu ya lami inapita hapo. Shamba la tambarare unalifikia kwa bodaboda au baiskeli asubuhi na kurudi jioni, na mke anaweza kufungua genge. Kwa miaka mingi watu walipakimbia kwa sababu ya maji; bomba lililoletwa kutoka upande wa Pongwe limepunguza adha hiyo, ingawa bado ni vizuri kuuliza mtaa kwa mtaa. Ubaya wake ni kwamba shamba lisilolaliwa lina wageni wa usiku. Nazi zinaondoka, ndizi zinaondoka. Utahitaji mtu wa kukaa huko, umlipe kwa wakati, na mkubaliane anachoruhusiwa kula shambani na asichoruhusiwa kuuza.

Ningemwambia nani aende wapi

Mwenye mgonjwa wa kudumu nyumbani, au mke anayetarajia kuzaa, abaki jijini au asivuke Muheza mjini. Mwenye binti anayekaribia sekondari, vivyo hivyo. Kijana asiye na ufundi na asiye na ndugu Tanga, asikurupuke. Atafute ufundi kwanza, na kama nyumbani kuna ardhi yenye hati, ng'ombe mmoja wa maziwa atamlipa vizuri kuliko kijiwe cha bandarini. Mwenye miaka sitini, afya njema, mke anayetaka kwenda, ardhi yenye majina mawili na akiba ya msimu mmoja, aende kijijini bila hofu, na ikiwezekana apande mlimani. Kwa mtu wa namna hiyo sijaona maisha bora zaidi mkoa huu.

Ila msinunue kitu mara ya kwanza mnapokwenda kuangalia. Pangeni chumba hapo kijijini, mlale wiki moja Februari visima vikiwa vimekauka, na wiki nyingine Aprili barabara ikiwa tope. Atangulie kwenda yule atakayechota maji, aende bila wewe, azungumze na wanawake wenzake. Akirudi akasema hapana, shamba lisimamieni kutoka Muheza mjini, na hela ya kujenga kule mlimani muiweke akiba ya kuvukia hadi msimu wa machungwa.